Nondo Iliyozidi Nguvu: Somo la Tetemeko Kutoka Konyo Konyo



Ndugu msomaji, somo la toleo hili linawahusu kwanza wanafunzi wa uhandisi na usanifu majengo. Hata hivyo nimejaribu kuliandika ili anayesoma sheria, uuguzi au biashara naye alielewe, maana siku moja atajenga nyumba, au atapanga chumba katika ghorofa, au atakaa kwenye kamati ya ujenzi ya msikiti au ya shule. Swali letu ni hili: nondo yenye nguvu kuliko ile iliyoandikwa kwenye mchoro, je, ni faida siku zote?

Watu wengi hujibu ndiyo bila kufikiri. Kwa uzito wa kawaida wa nyumba, jibu hilo halina madhara makubwa. Ardhi inapotetemeka, jibu hilo linaweza kuangusha jengo.

Kwa nini Juba

Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa miezi mitatu Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Anayeijua Juba anaijua Konyo Konyo, soko ambalo utapata samaki mkavu, ufuta, karanga, nguo na vifaa vya nyumba, na utasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kiganda na Kiswahili katika kichochoro kimoja. Sehemu kubwa ya bidhaa za ujenzi hufika kwa malori kutoka Uganda kupitia mpaka wa Nimule, na nondo ni miongoni mwake. Hufika zikiwa zimekunjwa katikati ili ziingie kwenye lori, na hulazwa kando ya duka zikisubiri mnunuzi.

Jambo ambalo vijana wengi wa rika letu hawalijui ni kwamba Juba iko katika nchi ya matetemeko. Tarehe 20 Mei 1990 tetemeko la ukubwa uliozidi 7 lilipiga mashariki ya Nile, si mbali na mji huo. Siku nne baadaye, tarehe 24 Mei, ardhi ilitikisika tena kwa nguvu. Matetemeko hayo ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyorekodiwa barani Afrika katika karne ya 20, na yalisikika hadi Uganda na Kenya.

Wakati ule nchi ilikuwa vitani. Juba ilikuwa mji wa tukul za udongo na nyasi, nyumba za chini, na majengo machache ya serikali. Maghorofa mengi tunayoyaona leo yalijengwa baada ya mkataba wa amani wa 2005, na zaidi baada ya uhuru wa 2011. Maana yake ni kwamba tetemeko la 1990 halikuyajaribu. Mji umekua kwenda juu juu ya ardhi ileile, na tetemeko la namna ile likirudi litakutana na nguzo na bimu za zege ambazo hazikuwapo mara ya kwanza.

Wala Juba haiko peke yake. Eneo letu lote limepitiwa na Bonde la Ufa. Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 mwezi Desemba 1910. Toro, magharibi mwa Uganda, ilipigwa tarehe 20 Machi 1966 na watu zaidi ya 100 wakafa. Bukoba ilipigwa tarehe 10 Septemba 2016. Kwa hiyo somo la Juba ni somo la Kampala, Bukavu, Kigoma na Mbeya pia.

Namba iliyoandikwa kwenye nondo ina maana gani?

Tuanze na msingi. Ukivuta nondo kidogo kisha ukaiachia, inarudi kwenye urefu wake kama mpira. Ukizidi kuvuta, inafika mahali inalegea: inarefuka bila kuhitaji nguvu nyingi zaidi, na ukiiachia hairudi tena ilivyokuwa. Mkazo unaofikisha chuma hapo, katika somo hili, tutauita nguvu ya kulegea. Tunaupima kwa megapaskali, yaani nyutoni ngapi kwa kila milimita moja ya mraba ya chuma. Ukiendelea kuvuta baada ya hapo, chuma kinakaza tena kidogo kidogo, mpaka kinakatika.

Nondo ya daraja la 500 ni nondo ambayo kiwanda kimeahidi kwamba nguvu yake ya kulegea ni angalau megapaskali 500. Zingatia neno angalau. Hicho ni kima cha chini. Katika viwango vinavyofuata utaratibu wa Ulaya na wa kimataifa, kima hicho huchaguliwa ili vipimo visivyozidi 5 katika kila 100 ndivyo viwe chini yake. Kwa maneno mengine, nondo karibu zote zina nguvu kuliko inavyosemwa.

Kwa nini kiwanda kisitengeneze 500 kamili? Kwa sababu hakiwezi. Chuma hutoka tanuri kikiwa na tofauti ndogo ndogo za kaboni, manganizi na madini mengine. Viwanda vingi vya eneo letu huyeyusha vyuma chakavu, na chakavu cha leo ni injini kuukuu, kesho ni mabati na reli. Kasi ya kupoza nondo kwa maji baada ya kuisukuma kwenye rola nayo hubadilisha nguvu yake. Kiwanda kinajua kwamba shehena ikipimwa na kukutwa chini ya 500 itakataliwa, kwa hiyo hulenga juu. Kikilenga wastani wa 550 huku vipimo vikipishana kwa kiasi cha 30 juu na chini, nondo chache tu ndizo zitashuka chini ya 500, na nyingine kadhaa zitafika 600.

Kwa hiyo kila nondo ina namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya chini iliyoahidiwa, ambayo imo kwenye mchoro. Ya pili ni nguvu inayotarajiwa, yaani ile ambayo chuma kitakachofika kwenye jengo kitakuwa nayo kwa kweli. Wanafunzi wengi humaliza shahada wakiijua ya kwanza tu.

Uzito na tetemeko ni vitu viwili

Chukua bimu inayobeba sakafu. Mzigo wake ni uzito wa zege, watu, meza na magunia. Uzito huo haujali nondo yako ina nguvu kiasi gani, uko palepale. Nondo ikiwa na nguvu zaidi, umepata akiba.

Tetemeko halileti mzigo wa namna hiyo. Ardhi huondoka chini ya jengo, na jengo kwa uzito wake hubaki nyuma, kisha huvutwa, kisha hurudishwa. Nguvu ndani ya bimu na nguzo hupanda kadiri jengo linavyoyumba, na huendelea kupanda mpaka kitu fulani kilegee. Nguvu ya kile kilicholegea ndiyo inayoweka kikomo cha nguvu itakayofika kwa jirani zake. Hapa ndipo moyo wa somo ulipo: katika tetemeko, kiungo kinacholegea ndicho kinachoamua viungo vingine vitabebeshwa kiasi gani. Ukikiongezea nguvu kiungo hicho, umewaongezea mzigo majirani.

Fikiria fyuzi ya umeme. Kila aliyekaa na jenereta Juba ameona jambo hili: fyuzi inakatika mara kwa mara, mtu anachoka, anaweka kipande cha waya mnene. Sasa fyuzi ina nguvu kweli, haikatiki tena. Siku umeme unapozidi, kinachoungua ni nyaya zilizo ukutani. Fyuzi ilikuwa imewekwa iwe dhaifu kwa makusudi, mahali ambapo udhaifu hauleti hasara kubwa.

Wahandisi wa New Zealand, wakiwemo Thomas Paulay na Robert Park wa Chuo Kikuu cha Canterbury, waliijenga fikra hii kuwa utaratibu kamili wa kusanifu majengo ya zege, na kitabu chao cha 1975 kiliusambaza duniani. Paulay alizoea kuueleza kwa mfano wa mnyororo: ukitaka mnyororo usikatike ghafla, fanya pete moja iwe ya chuma kinachonyooka, kisha hakikisha pete nyingine zote zina nguvu kuliko pete hiyo itakapokuwa katika nguvu yake ya juu kabisa. Katika jengo la zege, pete inayonyooka ni ncha za bimu. Pete ambazo hazitakiwi kuvunjika ni nguzo, maungio, na uwezo wa bimu wenyewe kuhimili mkato. Bimu ikilegea kwenye ncha zake, sakafu hubaki juu na watu hutoka. Nguzo ikivunjika, sakafu zote zilizo juu yake hushuka.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue bimu ya upana wa milimita 250 na kimo cha 450. Nondo ziko milimita 400 kutoka upande wa pili wa zege. Tumeweka nondo 3 za milimita 16 juu na 3 chini, daraja la 500. Nafasi safi kati ya nguzo na nguzo ni mita 4. Hesabu hizi ni za makadirio, za kujifunzia.

Eneo la nondo 3 za 16 ni milimita 603 za mraba. Zidisha kwa 500, unapata kilonyutoni 301.5. Zidisha kwa mkono wa nguvu wa takriban mita 0.36, unapata momenti ya takriban 108.5. Hiyo ndiyo nguvu ya ncha moja ya bimu kwa kutumia kima cha chini.

Jengo likiyumba, ncha zote mbili zinalegea. Bimu inapata nguvu ya mkato ya mara mbili ya 108.5 ukigawa kwa mita 4, yaani takriban kilonyutoni 54. Ongeza 30 za uzito wa sakafu, jumla 84. Mwanafunzi asiye makini atapanga ringi za kuhimili 84 na kulala usingizi.

Sasa tumia namba ya pili. Kanuni za Marekani za zege, ACI 318, zinaagiza kwamba tunapotafuta mkato huu tuhesabu nondo za bimu kwa mara 1.25 ya kima cha chini. Kiasi hicho kinajumlisha ile ziada ya kiwandani na ule ukazaji wa chuma baada ya kulegea. Momenti inakuwa takriban 136, mkato wa kuyumba unakuwa 68, na jumla inakuwa 98. Ringi zilizopangwa kwa 84 hazitoshi. Bimu hiyo itapasuka kwa mkato kabla ncha zake hazijalegea, na mpasuko wa mkato hautoi onyo.

Tuangalie nguzo. Bimu mbili kama hii zikikutana kwenye nguzo, moja kila upande, jumla ya momenti zao kwa kima cha chini ni 217. Kanuni hiyohiyo inataka nguzo, ya juu na ya chini ya ungio kwa pamoja, ziwe na angalau mara 1.2 ya hapo, yaani takriban 260. Lakini bimu zikifika nguvu ya 1.25, zinasukuma 271. Akiba yote imekwisha na kupitwa. Ndiyo maana wasanifu waangalifu hawasimami kwenye 1.2 kamili, na Eurocode 8 inaagiza 1.3.

Utauliza: nondo za nguzo nazo si zina ziada ileile? Huenda zinayo. Lakini huwezi kuitegemea, kwa sababu hujui shehena gani iliingia wapi. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: kinachotakiwa kulegea, kihesabu kwa nguvu yake ya juu unapotafuta atakachowabebesha wengine. Kinachotakiwa kusimama, kihesabu kwa nguvu yake ya chini. Kila mmoja mchukulie kwa hali yake mbaya kwa jengo.

Los Angeles, 1994

Jambo hili halikubaki kwenye vitabu. Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge lilipiga Los Angeles. Majengo ya fremu za vyuma yaliyoaminiwa kuliko yote hayakuanguka, lakini wakaguzi walipobandua mapambo na kinga za moto walikuta maungio ya bimu na nguzo yamepasuka, katika majengo zaidi ya 100.

Sababu zilikuwa kadhaa: aina ya uchomeleaji, umbo la ungio, na ukubwa wa bimu. Moja ya sababu inatuhusu sisi. Bimu nyingi zilikuwa zimesanifiwa kwa chuma cha A36, ambacho kima chake cha chini ni takriban megapaskali 250. Viwanda vilivyoyeyusha chakavu vilikuwa vimezoea kutoa chuma chenye nguvu zaidi sana ya hapo, na kukiuza kwa jina lilelile, maana kwa sheria ya kima cha chini kilikuwa halali kabisa. Bimu zilizotarajiwa kulegea mapema hazikulegea mapema, na nguvu ikahamia kwenye machomeleo.

Baada ya hapo, kanuni za AISC za matetemeko za 1997 ziliingiza kizidishio maalumu cha nguvu inayotarajiwa. Kwa bimu za A36 kizidishio ni 1.5, kwa hiyo 250 inahesabiwa kama 375. Kwa chuma kipya cha A992, ambacho nguvu yake inadhibitiwa juu na chini, ni 1.1 tu. Tofauti ya namba hizo mbili ina funzo: unalipia ujinga wako kuhusu chuma. Kadiri usivyokijua, ndivyo unavyolazimika kujenga nguzo na maungio makubwa zaidi.

Kwa nondo, ACI 318 ilichukua njia ya pili pia: kuweka dari. Katika fremu maalumu za matetemeko, nguvu halisi ya kulegea hairuhusiwi kuzidi kima cha chini kwa zaidi ya takriban megapaskali 124, na nguvu ya kukatika lazima iwe angalau mara 1.25 ya nguvu halisi ya kulegea. Sharti la pili lina maana yake: nondo inayokatika mara tu baada ya kulegea hainyooki vya kutosha kuwa fyuzi. Kwa hiyo nondo inaweza kukataliwa kwa kuwa na nguvu mno. Mweleze hivyo muuzaji wa Konyo Konyo, uone atakavyokutazama.

Sokoni na kwenye saiti

Kwenye saiti moja niliyokuwa nikifuatilia kazi, bimu za ghorofa ya kwanza zilikuwa karibu sawa na mfano wetu hapo juu. Fundi mkuu, mzee kutoka kaskazini mwa Uganda mwenye uzoefu kuliko umri wangu, aliniita.

"Injinia, kumi na sita zimeisha dukani. Nimeweka ishirini, tatu juu na tatu chini. Mwenye nyumba haongezi hata pauni. Hapo mmepata faida."

"Mzee wangu, shikamoo kwanza," nikamwambia. "Na ringi je?"

"Ringi ni zilezile za mchoro. Ringi zina shida gani?"

Tukakaa juu ya matofali, tukahesabu kwenye simu. Nondo 3 za 20 zina eneo la milimita 942 za mraba. Kwa kizidishio cha 1.25 momenti ni takriban 212, mkato wa kuyumba 106, na pamoja na uzito jumla ni 136. Ringi zilikuwa nondo laini za milimita 8, daraja la 250, kila baada ya milimita 100 karibu na nguzo. Eneo la miguu miwili ya ringi ni milimita 100.6 za mraba. Zidisha kwa 250 na kwa 400, gawa kwa 100, unapata takriban kilonyutoni 100. Zinatosha kwa 98 ya mchoro. Kwa 136 hazitoshi.

Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeinenepesha fyuzi." Injinia msimamizi alipofika aliamuru nondo zibadilishwe kabla ya kumwaga zege, na 16 zikatafutwa duka jingine.

Jioni ileile nilipitia Konyo Konyo nikaomba kwenye duka moja nipime nondo laini za 8, zile za ringi. Jirani alikuwa na mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia ya ufuta. Nondo ya milimita 8 ya urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 4.7 hivi. Tuliyoipima ilikuwa na kilo 3.6. Maana yake kipenyo chake cha kweli ni karibu milimita 7, na eneo lake ni kama asilimia 77 tu ya lililolipiwa. Ringi za nondo hiyo, kwa hesabu yetu, zinahimili 77 badala ya 100.

Sasa, ndugu msomaji, ziweke namba hizi pamoja. Nondo kuu za bimu zina nguvu kuliko ilivyoandikwa, hivyo bimu inadai 98. Ringi ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa, hivyo zinatoa 77. Makosa mawili yanaelekea pande mbili tofauti ndani ya bimu moja, na yote mawili yanaiumiza. Hakuna ukaguzi wa macho utakaoliona hilo, maana kwa macho bimu ina nondo zote na ringi zote.

Tufanye nini?

Sina maabara mfukoni, wala wewe huna. Lakini haya tunaweza:

1. Pima uzito. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162. Unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 12 ni kilo 0.89 kwa mita, ya 16 ni 1.58. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache tu. Ikizidi hapo, kataa.

2. Omba cheti cha kiwanda, usome namba halisi. Usitosheke na neno limefaulu. Tazama nguvu ya kulegea iliyopimwa na nguvu ya kukatika. Ikisomeka 640 kwa nondo ya daraja la 500, mjulishe msanifu kabla ya kuinunua kwa ajili ya bimu.

3. Peleka vipande maabara kwa jengo lolote la ghorofa, na usisahau nondo za ringi.

4. Usibadilishe nondo za bimu bila hesabu mpya, hata ukibadilisha kwenda juu. Nondo nene au za daraja la juu kwenye bimu zinadai ringi mpya na ukaguzi wa nguzo.

5. Linda ringi. Ndizo za bei ndogo kuliko nondo zote kwenye jengo, na ndizo zinazoibiwa kwanza. Zisogezane karibu na maungio, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege kwa nyuzi 135, zisiishie kwenye nyuzi 90.

Kuhusu kipimo, hatuhitaji kwenda mbali. Suratul Mutaffifin imebeba jina la wapunjaji wa vipimo, na kila mmoja wetu ameihifadhi tangu madrasa. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza unga. Muuza nondo ya 7 kwa jina la 8 yumo, na injinia anayejua na kutia sahihi yumo pia. Amana ya mhandisi ina upande wa pili ambao soko halimdai: ajue si kile tu kilichopungua, bali na kile kilichozidi.

Maswali ya darasa la wiki

1. Rudia hesabu ya bimu yetu kwa nondo za daraja la 460 kwenye mchoro, huku sokoni zikipatikana za 500 tu. Mkato unaongezeka kiasi gani?

2. Ukuta wa tofali uliojengwa kati ya nguzo za ghorofa za juu, na ghorofa ya chini ikaachwa wazi kwa maduka, unahamishia wapi ulegevu wa jengo? Tazama majengo ya barabara inayopita mbele ya chuo chako kabla ya kujibu.

3. Chukua nondo ya 8 na ya 12 kutoka duka lililo karibu nawe, zipime, ulete namba. Usilitaje duka, leta uzito na urefu tu. Tutaziweka zote kwenye jedwali moja na kuzijadili kikao kijacho, inshallah.

Wabillahi tawfiq.